Nilisema Tohara, Sikusema Yanywewe

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sala na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Mpendwa mshauri, Bi Wanu, assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba uvumilivu wako, kwani mimi ni mtu niliyezoea kuulizwa, si kuuliza, na tangu nianze barua hii nimeshachana karatasi tatu. Nina umri wa miaka sabini na mbili, ni imamu wa msikiti mdogo hapa Jang'ombe, na darsa ya fiqhi nimeisomesha kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo sikupata kuona watu wanalichukua neno moja langu, tena neno sahihi, wakalifanyia walivyolifanyia hili.

Mtaa wetu uko bondeni. Kila masika maji hutushukia kutoka barabara kuu na mapaa ya majirani, yakachukua mchanga, mafuta ya pikipiki, mifuko, na Mungu atusitiri, hata yale yanayofurika kwenye makaro ya vyoo, yakaingia msikitini mpaka mwaka juzi tukawa tunaipandisha misahafu juu ya mimbari huku tunasimama ndani ya maji, na miezi mitatu baadaye, kiangazi kilipoingia, birika la kutawadhia lilikuwa kavu kabisa, maana maji ya bomba hutufikia mara mbili kwa wiki yakitaka, ikawa watu walewale walioyatoa maji kwa ndoo wanakwenda nyumba kwa nyumba kuomba kopo la udhu.

Nina binti wa marehemu ndugu yangu, jina lake Thuwaiba, niliyemlea nyumbani mwangu tangu ana miaka sita, naye amesoma elimu ya maji chuoni Tunguu. Yeye ndiye aliyekuja na shauri. Alisema tuyape maji haya njia na kazi: yaingie kwanza kwenye shimo la kutulia, tope likae chini, kisha yapite taratibu katika kitalu kirefu cha kokoto na mchanga kilichopandwa matete, kwani mchanga huchuja, na mizizi ya matete na viumbe vidogo vinavyoishi humo hula uchafu, halafu yatoke chini kwa mabomba yenye matundu mpaka kwenye tangi tulilolichimba kiwanja cha wakfu, ubavuni mwa msikiti. Vijana walichimba, Bwana Abizer mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mlandege alitoa mabomba kwa ajili ya Mungu na jirani, na masika yaliyopita, alhamdulillahi, hata zulia la safu ya mwisho halikulowa. Maji yalitoka meupe. Tulioshea sakafu, tukamwagilia michikichi ya uani, vyoo na birika la udhu vikapata maji kila siku.

Lakini waja hawakosi la kusema. Thuwaiba aliandika ubao kwa rangi nyekundu, MAJI HAYA SI YA KUNYWA, akaupigilia juu ya mfereji wa kuchotea, na palepale waumini wakaanza kunong'ona kwamba maji yasiyonyweka ni najisi, na aliyerukiwa nayo nguo sala yake imeharibika, na kwamba Bwana Amour, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, ambaye akikohoa nusu ya mtaa hukohoa, ameshaanza kuja na kopo lake kutoka nyumbani. Wakaniuliza. Sikukurupuka, Bi Wanu. Nilivifungua vitabu siku nne. Maji yakizidi kullatayn, ambazo kwa vipimo vyetu ni kama madumu makubwa kumi na moja, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi iliyoingia, na tangi letu linachukua madumu mia tano. Rangi niliiangalia, harufu niliinusa, na ladha, kwa kuwa haijulikani ila kwa ulimi, siku ya Ijumaa baada ya sala nilichota kikombe mbele ya watu, nikayagusa kwa ncha ya ulimi, nikayatema, nikasema: maji haya ni tohara. Walio mbele waliona nimetema. Walio safu za nyuma waliona kikombe kinakwenda mdomoni kwa imamu, basi.

Jumamosi yake, kwa kutaka fitina iishe, nilimwagiza Anuar, muadhini wetu, achukue kopo la rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango, aufute ule ubao na kuandika MAJI HAYA NI TOHARA, na alhamdulillahi kunong'ona kulikwisha.

Kulikwisha, yakaanza madumu. Kwanza mawili, matatu, kisha foleni mpaka barabarani. Nilidhani wanachukua ya kufulia. Nilidhani hivyo wiki mbili nzima, mpaka aliponijia jirani yangu Riyama, anayeuza juisi ya ukwaju Mlandege, akasimama mlangoni hata viatu hakuvua.

"Maalim, shikamoo."

"Marahaba, Riyama. Karibu ndani."

"Siingii. Watu watano nyumbani kwangu wanaharisha, na mwanangu Shahida, na mimba yake ya miezi saba, yuko hospitali na dripu mkononi. Daktari kaniuliza tunakunywa maji gani. Nkamwambia ya msikitini. Kashika kichwa."

Nilimwambia pole, na moyo wangu uliniuma, Mungu shahidi. Kisha nikamwambia lililo kweli, kwamba sikupata kusema maji yale yanywewe.

"Ulisema tohara."

"Nilisema tohara. Sikusema yanywewe."

"Sasa Maalim, kitu tohara mtu hanywi?"

Hapo, Bi Wanu, nilighadhibika, kwa sababu mwanamke huyu amekaa darsani kwangu miaka kumi na moja, na nikamjibu, "Riyama, paka naye ni tohara. Wewe unamla paka?"

Aliondoka. Lakini Anuar alikuwa uani anasikia, na Anuar hana kifuniko. Kufikia alasiri maji yale yalikuwa yameshapata jina, nalo ni Maji ya Paka. Nikipita barazani vijana huulizana kwa sauti ya kunisikilizisha, "Leo kapakuliwa?" na mwingine hujibu, "Bado, yuko jikoni." Bwana Abizer, mtu mstaarabu ambaye sikumsikia hata siku moja akifanya mzaha, alinipigia simu akasema, "Maalim, wateja wananiuliza kama nauza na mikia. Mimi nilitoa mabomba tu, fatwa sikutoa."

Shahida ameruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku tatu, na mimba, kwa fadhila za Mungu, imesalimika. Nimeutia mfereji kufuli. Sasa wanasema imamu ameyafungia maji ya Mungu ili atumie peke yake, na alfajiri tunapofungua watu watawadhe, bado wako wanaojaza chupa chini ya kanzu, kwa hoja kwamba wao hawakupata kuumwa.

Na Bwana Amour ameitisha kikao cha kamati, Ijumaa hii inayokuja baada ya alasiri, kwa ajenda moja: kuleta kifusi na kukifukia kitalu. Anasema, na wanaitikia, kwamba mtoto wa kike amekwenda Tunguu kusomea kutuua. Thuwaiba anayasikia haya sokoni na njiani, wala hajamwambia mtu kwamba yeye aliandika onyo na onyo likafutwa. Mimi ameniambia mara moja tu, tukiwa tunakunywa chai: "Ami, sema maneno mawili. Tohara, na si ya kunywa. Yote mawili kwa pamoja. Basi." Nilimjibu kwamba imamu hasahihishi mimbari kila watu wanapokosea kusikia. Akakusanya vikombe, na tangu hapo ananisalimia kwa adabu zote na hazungumzi.

Sasa niambie, mpendwa mshauri. Nikisimama nikaikanusha kauli yangu, nitakuwa nimesema uongo juu ya sharia, kwani kauli ni sahihi, na watu watashika kwamba maji ni najisi na kifusi kitaingia siku hiyohiyo. Nikinyamaza, kitaingia vilevile, na binti yule atabeba lawama isiyo yake mpaka siku ya kuolewa. Je, nikanushe lililo haki, au ninyamazie lililo batili? Nakuomba jina langu lisionekane gazetini. Mungu akuzidishie hekima.

Ni mimi, Maalim, Jang'ombe.

*

Maalim wangu, wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo, kwa hiyo utaniwia radhi.

Mimi nami nimewasomesha wanawake mlango wa tohara, na kullatayn nazijua. Hukumu yako ni sahihi. Hakuna aliyekutaka uikanushe: si Riyama, si Thuwaiba, wala si daktari aliyeshika kichwa. Umejijengea chumba chenye milango miwili, kukanusha na kunyamaza, kisha unanililia kwamba yote miwili inatokea shimoni, na ilhali mlango wa tatu ulifunguliwa na binti uliyemlea, mbele ya kikombe chako cha chai. Tohara, na si ya kunywa. Hayo si maneno ya kukanusha. Ni hukumu yako mwenyewe, imemaliziwa.

Ulishindwa kumfafanulia Riyama, ukamchukua paka. Maalim, unaishi kisiwani! Bahari imekuzunguka pande zote nne. Maji yake ni tohara na yanatoharisha, kila mtoto wa chuoni analijua hilo, na hakuna mtoto wa chuoni anayejaza chupa baharini Forodhani akaipeleka nyumbani kunywa. Ungemwambia, "Riyama, maji haya ni kama ya bahari: tawadha, osha, usinywe," angekuelewa kabla hujamaliza. Lakini ulikuwa hutaki kueleweka. Ulitaka kushinda. Na mwanamke aliyesimama mbele yako alikuwa ametoka kumwacha mwanawe hospitali.

Sasa niseme lililonighadhibisha. Katika barua ndefu namna hii, kuufuta ubao umekutengea sentensi moja, ukaizungushia rangi ya milango na jina la muadhini, na mwisho wake ukatia alhamdulillahi. Nimeiona. Hakuna aliyekosea kukusikia, Maalim. Palikuwa na onyo la maandishi, lililoandikwa na mtu aliyeisomea kazi hiyo, likiwakinga watu, na wewe ukaamrisha lifutwe kwa sababu lilikuletea maswali. Kauli ya mimbari ilikuwa haki. Kufuta ubao kulikuwa kosa, na kosa hilo ni lako, si la safu za nyuma. Unaniuliza juu ya kauli ili nisikuulize juu ya ubao. Mtu hatubii jambo alilopatia, hutubia alilokosea. Hilo unalo, lishughulikie.

Nimewauliza wenye elimu ya maji, kwa kuwa mimi si wao. Wameniambia kitalu cha matete kilichojengwa vizuri hupunguza uchafu mwingi mno, lakini vijidudu vya maradhi havifi vyote humo, hasa pale ambapo makaro ya vyoo yanafurika, nawe mwenyewe umeniandikia kwamba yanafurika. Maji huweza kuwa meupe, yasiwe na harufu wala ladha, na ugonjwa umo ndani. Macho yako, pua yako na ulimi wako vilitosha kwa sala. Kwa tumbo la mjamzito havikutosha.

Na wameniambia jingine ambalo hukuniuliza. Mtu akitawadha husukutua, na hupandisha maji puani. Kwa hiyo mpaka maji ya tangi yapimwe na yatiwe dawa kwa kipimo atakachokisema Thuwaiba, birika la udhu litiwe maji ya bomba peke yake, na yakikosekana watu waje wametawadha majumbani. Maji ya tangi yabaki kwa vyoo, sakafu, uani na kufulia. Hiyo si kuyavunjia heshima. Ndiyo kazi yaliyotengenezewa.

Utaanza na Riyama. Usimwite, nenda wewe, kwa miguu yako, na uvue viatu mlangoni kwake. Umwombe radhi kwa lile la paka na kwa ule ubao, na umwombe Shahida pia. Wala usipeleke kitabu.

Kisha ubao. Uandikwe na Thuwaiba, kwa rangi anayoitaka yeye, na maneno yote mawili yawe kwa herufi za ukubwa mmoja. Anuar ashike ngazi tu, na akiwa juu ya ngazi asizungumze.

Kufuli nalo ulitoe. Mfereji uliofungwa na imamu huwafanya watu waamini kuna neema ndani. Mfereji ulio wazi, wenye onyo juu yake na mtu wa kulieleza, watauheshimu.

Mbele ya kamati usimtetee binti kwa mafumbo. Sema hivi: "Aliandika onyo, mimi nikaamrisha lifutwe." Maneno matano. Nimeyahesabu ili usinambie ni mengi. Ukishayasema, mpe nafasi aeleze mwenyewe shimo la kutulia litazolewa tope lini, matete yatakatwa lini, nani atayapeleka maji kupimwa kila mwezi na majibu yatasomwa wapi. Bwana Amour akitaka kifusi, mwulize jambo moja: mvua itapita wapi? Haisomi ajenda, na wala haitarudi barabarani kwa kuwa kamati imepiga kura. Itaingia msikitini, na baada ya msikiti itaingia majumbani, na pale itakuwa si tohara wala si ya kunywa. Mtu anayekuja na kopo lake kutoka nyumbani ni mtu mwangalifu. Mkabidhi yeye usimamizi wa kuzoa tope. Atakuwa mkali, na kazi hiyo inataka mtu mkali.

Nanyi mnaojaza chupa chini ya kanzu, najua mnanisoma pia. Aliyekunywa jana asiumwe hakupewa ahadi ya kesho. Ya kunywa yawe ya bomba, na hayo nayo chemsheni, mpaka yatokote.

Limebaki la jina lako. Umeniomba nisilitaje, nami sikulitaja. Lakini hebu nieleze, Maalim, Jang'ombe kuna misikiti mingapi yenye matete ubavuni? Gazeti hili linatoka leo, Alhamisi, na kufikia saa nne asubuhi mtaa wako wote utakuwa umelisoma, pamoja na kamati. Nilikuwa na barua ishirini zilizotangulia yako, nimezirudisha nyuma zote, kwa sababu nyingine zinaweza kungoja, na yako ina watu wanakunywa. Sikufanya hivi kwa kukuumbua. Nimefanya kwa kuwa kwa neno lako mwenyewe umeniambia una mpaka Ijumaa alasiri, na mimi naona huna. Una mpaka adhuhuri ya leo. Watu wataingia kuswali hali wamesoma, na watakutazama. Wakikusikia wewe mwenyewe unasema kabla hawajakuuliza, kitalu kitabaki, Thuwaiba atatembea kichwa juu, na wewe utabaki imamu wao. Wakilazimika kukuuliza, sijui.

Lifunge gazeti sasa, uvae viatu. Nyumba ya Riyama si mbali.

Mwenyezi Mungu aupe wepesi ulimi wako, amlinde Shahida na aliyemo tumboni mwake, ampe binti yako malipo ya kazi yake, na aibariki nyumba yako, na kila nyumba inayosoma ukurasa huu, kwa mvua yenye manufaa, maji yenye salama, na watu wa ndani wanaozungumza wakati wa chai. Amin.

Bi Wanu